Baleti ya Kifaransa: Urithi Unaokaa Mwilini

Tarehe 12 Machi 1832, katika jumba la Opéra lililokuwa mtaa wa Le Peletier mjini Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide, baleti aliyotungiwa na baba yake, Filippo Taglioni. Alivaa sketi nyeupe nyepesi na kusimama kwenye ncha za vidole, akaonekana kama kiumbe asiye na uzito. Tangu usiku huo baleti haikuwa tena kama zamani. Lakini ukiitafuta leo La Sylphide ile aliyoicheza Taglioni, huipati. Opéra iliacha kuionyesha, waliokuwa wakiijua wakazeeka na kufa, na hatua zake zikafa nao. Pierre Lacotte alipoirudisha miaka ya 1970, ilimbidi aiunde upya kwa kuunganisha michoro, barua na maelezo ya watu wa enzi ile.

Copenhagen mambo yalikwenda vingine. August Bournonville, Mdenmark aliyesomea Paris chini ya Auguste Vestris, aliiona kazi ya Taglioni, na mwaka 1836 akatunga La Sylphide yake kwa muziki mpya. Wachezaji wa Denmark hawakuiachia. Kila kizazi kilikifundisha kinachofuata, na mpaka leo baleti hiyo inachezwa, pamoja na namna ya kuruka na kubeba mikono aliyoichukua Bournonville kwa Vestris miaka ya 1820. Sehemu muhimu ya urithi wa Paris ilisalimika ugenini kwa sababu huko kulikuwa na watu walioendelea kuicheza.

Mchoraji akifa, picha yake hubaki ukutani. Hatua ya dansi haina pa kukaa ila mwilini mwa mtu anayeijua. Ndiyo maana kutunza baleti ya Kifaransa na kumtunza mchezaji wake ni kazi moja. Viwango vya Ufaransa vya leo, kuanzia sakafu ya darasa hadi umri wa kustaafu, vinaeleweka vizuri zaidi vikitazamwa hivyo.

Kutoka ikulu hadi shuleni

Mfalme Louis XIV alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1653, akiwa na umri wa miaka 14, alicheza nafasi ya Jua katika baleti ya ikulu iliyoendelea usiku kucha. Mwaka 1661 alianzisha Akademia ya Kifalme ya Dansi na kuikabidhi kwa walimu 13, waweke kanuni na kuondoa makosa yaliyokuwa yameingia katika uchezaji. Pierre Beauchamp, mwalimu wa mfalme, ndiye anayetajwa kuwa alipanga ile mikao mitano ya miguu ambayo hadi sasa ndiyo msingi wa baleti yote. Mwaka 1681 wanawake wachezaji wa kulipwa walipanda jukwaa la Opéra kwa mara ya kwanza. Mwaka 1700 Raoul-Auger Feuillet alichapisha mfumo wa kuandika hatua kwa alama, na mwaka 1713 Opéra ikapata shule yake, ambayo ipo hadi leo.

Tuutazame mkao wa tano kwa karibu, maana ndani yake mna mengi. Miguu imebanana, kisigino cha mguu wa mbele kimegusa vidole vya mguu wa nyuma, na nyayo zimeelekea nje, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mtazamaji huangalia nyayo, lakini kazi yenyewe inafanyika juu zaidi. Kugeuka huko huanzia kwenye nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapozunguka ndani ya tundu lake. Paja likigeuka, goti hulifuata, na unyayo hufuata goti. Mchezaji aliyefunzwa vizuri akikunja magoti, utaona goti limekaa sawasawa juu ya vidole. Aliyefunzwa vibaya huanzia chini: huulazimisha unyayo kwenda nje kwa kung'ang'ania sakafu, huku paja limebaki likitazama mbele. Goti limeumbwa likunjike na kunyooka. Sasa linalazimishwa kujisokota. Upinde wa unyayo unalala kwa ndani, na miaka michache baadaye kano zinaanza kuuma.

Faida ya mkao huu ni wepesi wa miguu. Miguu iliyogeuzwa kutoka nyongani huweza kupishana bila kukwazana. Mchezaji anajikunja kidogo, anaruka wima, na akiwa hewani miguu inabadilishana mbele na nyuma mara mbili au tatu kabla hajatua palepale bila kishindo. Hatua hizi ndogondogo za kasi, juu yake mabega yametulia na uso haushindani na miguu, ndizo zinazomtambulisha mchezaji aliyelelewa Paris. Warusi wanasifika kwa mgongo unaonyumbulika na miruko mikubwa inayolijaza jukwaa. Wafaransa huthamini usafi: kila hatua ianzie kwenye mkao kamili na iishie kwenye mkao kamili, bila kuongezwa chumvi.

Paris ilipoupoteza urithi wake

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Opéra ilikuwa na jumba la fahari, muziki mzuri na watazamaji matajiri, lakini hali ya wachezaji ilizidi kuwa duni. Novemba 1862 Emma Livry, kijana aliyefundishwa na Taglioni mwenyewe, alikuwa mazoezini sketi yake iliposhika moto wa taa ya gesi. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 20. Wanaume nao walisukumwa kando hadi nafasi zao zikapewa wanawake. Coppélia ilipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1870, kijana Franz alichezwa na mwanamke, Eugénie Fiocre, na desturi hiyo ikadumu miongo mingi. Giselle, iliyozaliwa Paris mwaka 1841, ilitoweka kwenye ratiba ya Opéra baada ya 1868.

Aliyeiokoa alikuwa mtoto wa Marseille. Marius Petipa alihamia Urusi mwaka 1847 na kufanya kazi huko hadi uzeeni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini Mfaransa huyu alitunzwa ugenini: alipewa shule, kikundi kikubwa cha wachezaji na hazina ya mfalme wa Urusi. Huko St Petersburg aliiendeleza Giselle, akatunga na nyingine nyingi, ikiwemo The Sleeping Beauty mwaka 1890. Mwaka 1910 kikundi cha Kirusi cha Sergei Diaghilev kiliirudisha Giselle mjini Paris. Mwaka 1924 Nikolai Sergeyev aliwafundisha wachezaji wa Opéra baleti iliyokuwa yao wenyewe, kwa kutumia madaftari ya alama aliyotoka nayo Urusi. Baadaye Serge Lifar, mzaliwa wa Kyiv, aliirudishia Opéra heshima ya mchezaji wa kiume, na Rudolf Nureyev, aliyeongoza kikundi chake cha baleti kuanzia 1983 hadi 1989, akawaamini vijana kama Sylvie Guillem, aliyefikia cheo cha juu kabisa akiwa na miaka 19.

Opéra ilikuwa na jengo, nyaraka na jina kubwa muda wote huo, na bado urithi ulikatika. Daftari la Sergeyev lilifaa kwa sababu Sergeyev mwenyewe alikuwapo, akijua mwili unavyotakiwa kuisoma kila alama.

Viwango vya leo

Ufaransa imejifunza kuandika ulinzi wa mwili katika sheria. Sheria ya 10 Julai 1989 inamtaka anayefundisha baleti kwa malipo awe na stashahada ya serikali, au awe amepewa idhini inayolingana nayo. Mwalimu mtarajiwa hatahiniwi dansi peke yake. Hupimwa pia muziki, historia ya dansi, na anatomia, yaani jinsi mifupa, viungo na misuli inavyofanya kazi. Mtu anaweza kuwa mchezaji mzuri na asijue kwa nini goti la mtoto aliye mbele yake linauma.

Kanuni zilizofuata zinaingia hadi darasani. Sakafu ya kuchezea hairuhusiwi kulazwa moja kwa moja juu ya zege au vigae, maana kila mtu anapotua, nguvu ambayo sakafu haikuipokea hurudi kwenye kifundo, goti na mgongo. Watoto wa miaka minne na mitano hufanya michezo ya kuuzoea mwili wao tu. Wa miaka sita na saba hupewa utangulizi, bila kunyooshwa kupita kiasi wala kulazimishwa viungo. Mbinu zenyewe za baleti huja baadaye. Viatu vya kusimamia ncha za vidole hungoja zaidi. Walimu makini hawavikaribishi kabla ya takriban miaka 11 au 12, na hata hapo huangalia kwanza nguvu ya kifundo na mgongo.

Shule ya Opéra, ambayo tangu 1987 iko Nanterre nje kidogo ya Paris, inajumuisha masomo ya kawaida na mafunzo ya dansi, na wanafunzi hupimwa kila mwaka. Wanaoajiriwa huanzia ngazi ya chini, kadrili, kisha korife, sije, mchezaji wa kwanza, na mwisho nyota. Kwa miaka mingi ngazi za chini zimepandwa kwa mtihani wa jukwaani mbele ya waamuzi. Unyota hautahiniwi, hutangazwa na uongozi, mara nyingi jukwaani, mara pazia linapofungwa.

Mchezaji hustaafu akiwa na miaka 42, na mfumo wa pensheni wa Opéra una mizizi katika mwaka 1698, enzi ya Louis XIV. Serikali ilipotaka kuufuta, wachezaji waligoma, na tarehe 24 Desemba 2019 walicheza sehemu ya Swan Lake nje, mbele ya Palais Garnier, jumba la Opéra, katika baridi. Wapo waliouona umri huo kuwa upendeleo. Lakini kazi hii huanza utotoni, na jukwaa la Palais Garnier lina mteremko wa asilimia 5 kuelekea kwa watazamaji, ambao mwili hupambana nao kila usiku. Aliyestaafu na magoti mazima anaweza kufundisha kwa miaka 30 mingine, na kwa njia hiyo urithi hupata warithi.

Kiwango ni kimoja, mazoea ni mengine

Mwaka 2020 wachezaji wachache weusi na wenye asili mchanganyiko wa Opéra waliandika waraka ambao wenzao wengi waliutia saini. Waliomba viatu na soksi ndefu za kubana zinazolingana na rangi ya ngozi zao, wataalamu wanaojua nywele zao, na kukomeshwa kwa tabia ya kuwapaka wachezaji weupe rangi nyeusi usoni. Ripoti rasmi ya Pap Ndiaye na Constance Rivière, iliyotolewa Februari 2021, iliunga mkono mabadiliko hayo.

Walioogopa kwamba urithi ungeharibika walichanganya mambo mawili. Goti kukaa juu ya vidole ni kiwango, na likikosewa mtu anaumia. Jukwaa lililojaa ngozi ya rangi moja ni mazoea tu, na yakiondolewa hakuna hatua hata moja inayopungua usafi. Mmoja wa walioandaa waraka ule, Guillaume Diop, ambaye baba yake ni Msenegali, alitangazwa kuwa nyota tarehe 11 Machi 2023 huko Seoul, baada ya kucheza Giselle. Akawa mchezaji mweusi wa kwanza kufikia cheo hicho katika kikundi ambacho mizizi yake inarudi karne ya 17. Baleti iliyotoweka Paris baada ya 1868 ilipata mwili mwingine wa kukaa.

Kwa msomaji mwenye mtoto katika madarasa ya baleti, iwe Nairobi, ambako yapo hata Kibera, au mji mwingine wowote, haya si mambo ya mbali. Mikao ni ileile na maneno ni yaleyale ya Kifaransa. Mtoto akianza kukunja magoti huambiwa afanye pliye. Basi ulinzi nao uwe uleule. Kabla ya kulipa ada, uliza darasa lina sakafu gani chini ya zulia, na mwalimu amesomea nini kuhusu mwili wa mtoto. Uliza viatu vya ncha huanza lini, na nani huamua. Mwalimu anayeyajibu bila kununa ndiye wa kukabidhiwa mtoto. Akijibu kwamba mtoto azoee maumivu kwa kuwa ndivyo baleti ilivyo, mtoe mtoto wako, kwa sababu huyo hajui anachokirithisha.