Tuta la Mbita na Mkondo wa Ziwa

Watu wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa maana ya kuziba mkondo. Pale Makupa, tangu enzi ya Mwingereza, gari lilipata njia na maji yakaikosa. Tudor na Port Reitz zikatengana mpaka daraja lilipokamilika mwaka 2022. Ndugu zetu wa Homa Bay, katika Ziwa Viktoria, wamepitia hayo hayo.

Kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya mwaka 1969, kimetengwa na Mbita kwa mlango mwembamba wa maji. Katika miaka ya 1980 mlango huo ulijazwa mawe na udongo, likawa tuta. Faida yake si haki kuibeza: mgonjwa alivuka usiku bila kungoja mashua, na samaki wakapakiwa garini kisiwani. Lakini maji ya Ghuba ya Winam yaliyokuwa yakipenya hapo yalizuiliwa, na vyombo vikalazimika kukizunguka kisiwa. Magugu maji yalipoingia, miaka ya 1990, yalikuta mahali pa kutulia.

Miaka ya 2010 tuta likafunguliwa, daraja likajengwa. Njia moja, gharama mara mbili!

Siku hizi vizimba vya kufugia ngege vimeenea kandokando ya visiwa hivi. Riziki ni ya halali, na vijana wanaihitaji. Ila chakula kisicholiwa huzama, kikaoza, kikala hewa ya majini. Samaki hufia humo humo vizimbani iwapo maji hayatembei. Mfugaji wa leo anautegemea mkondo ule ule uliozibwa jana.