Bagika, Bagalu na Hukumu ya Watazamaji

Pindi nafaka ikisha kuingia ghalani na pamba ikapelekwa sokoni, yaani kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti, nchi ya Usukuma, iliyo kusini ya Ziwa Viktoria katika Tanzania, huingia katika majira yake ya ngoma. Na mgeni apitaye Magu, Kwimba au Misungwi wakati huo asidhani kwamba watu wale, walioinamia jembe tangu mvua za kwanza, wamekusanyika uwanjani kwa ajili ya kustarehe tu. Wamekuja kushindana, na ushindani wenyewe una taratibu ambazo, kwa rai yangu, zimeitunza sanaa ya wakulima hawa kuliko ruzuku yoyote.

Wasukuma, ambao kwa wingi wa watu ndio kabila kubwa kuliko yote nchini, wana vyama vya ngoma vingi, na aghalabu kila kimoja kimezaliwa na kazi fulani na kina dawa zake na miiko yake. Bayeye ni mafundi wa nyoka, wajuao kuwakamata na kuwatibu walioumwa nao, nao hucheza na chatu hai. Banungule asili yao ni wawindaji wa nungunungu. Bagobogobo ni wakulima, ambao huitwa kulima shamba la mtu kwa pamoja huku ngoma zikiwahimiza, na ambao uwanjani huyarusha majembe yaleyale hewani na kuyadaka bila kupoteza pigo. Lakini juu ya vyama hivyo vyote husimama pande mbili kubwa zenye uhasama wa jadi, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba katika karne ya 19 waliondokea waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akijinadi kuwa dawa zake ndizo zenye nguvu. Na ushindani wao ulipozidi, ikaonekana afadhali wapimane kwa ngoma, ajulikane nani awezaye kuwavuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na shauri lile halijakatwa hata leo.

Namna ya kulikata ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Makundi mawili hucheza siku moja na wakati mmoja, katika viwanja vilivyo karibu kiasi cha kuweza mtu kusikia ngoma ya huku akiwa kule, wala hapana mwamuzi aliyeketi mezani na karatasi ya alama: hadhira yenyewe ndiyo kadhi, nayo hutoa hukumu yake kwa kuhama. Likitokea jambo la ajabu upande mmoja, watu humiminika huko. Wakichoka, au wakisikia vigelegele upande wa pili, hurudi mbio. Na jua likielekea kuchwa, kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo mchezaji hana wasaa wa kulegea, na kila kundi hujiwekea akiba ya vioja, mathalan vinyago vya mti vyenye viungo vinavyochezeshwa, au mnyama wa porini aliyefunzwa, vinavyofichwa mpaka ile saa ambayo hasimu anaanza kuwapokonya watu.

Nguzo ya kundi, hata hivyo, ni manju. Yeye hutunga kabla ya majira kufika, hujisifu bila haya, humrushia mwenzake vijembe, na katikati ya tashtiti hizo hupenyeza habari za dunia: bei ya pamba, kodi, utawala, hata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliimbwa. Pamoja na nyimbo huja samba, dawa ya mvuto, ambayo makundi huiamini sana na ambayo aliyeshindwa huitaja upesi kuwa ndiyo iliyomponza. Mimi si tabibu wa mambo hayo. Nasema tu kwamba kundi lenye samba kali, nionavyo mimi, ndilo pia lililofanya mazoezi usiku mwingi zaidi.

Watu wa pwani hawatalishangaa jambo hili la kugawanyika pande mbili na kushindana, maana Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti katika ngoma ya beni, na wanawake wa Unguja waligawanyika baina ya Nuru el Uyun na Sahib el Ari katika taarabu. Ila huko mashindano yalimezwa mara nyingi na mavazi na karamu, mwenye mali akawa amekwisha kushinda nusu. Ilhali Usukuma utajiri pekee haumzuii mtazamaji asivuke uwanja.

Katika miaka ya 1950, ambapo wamisionari wengi walikuwa bado wakizihesabu ngoma kuwa ushenzi, Padre David Clement, mzaliwa wa Kanada, alianza pale Bujora, karibu na Kisesa, upande wa mashariki wa mji wa Mwanza, kazi ya kuziingiza nyimbo na ngoma za Kisukuma katika ibada, na ya kukusanya vyombo vya watemi na vya waganga, ambavyo sasa vimo katika Makumbusho ya Wasukuma. Palepale kila mwaka, majira ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, hufanywa tamasha la Bulabo, na warithi wa Ngika na Gumha hupimana nguvu chini ya kivuli cha kanisa. Sijui mahali pengi ambapo padre na mganga wamepatana kwa adabu namna hiyo.

Bugobogobo, ngoma ya wale Bagobogobo, imesafiri mbali: Chuo cha Sanaa Bagamoyo kimeifundisha kwa vijana wa makabila yote, na katika sherehe za taifa haikosekani. Ustadi wake jukwaani siukanushi. Lakini jukwaani kundi hupewa dakika zake, watazamaji wameketi, na upande wa pili hapana ngoma nyingine inayolia. Hata mchezaji akipunguza bidii katikati ya wimbo, hapana atakayeondoka kumwendea hasimu wake.