Mtazamaji wa kawaida huipimaje filamu?

MWANZONI mwa filamu ya Nairobi Half Life (2012), iliyoongozwa na David 'Tosh' Gitonga, kijana Mwas huuza filamu kijijini kwao huku akiwaigizia wateja matukio yaliyomo. Ndivyo filamu nyingi zinavyomfikia Mkenya: kwa kinywa cha aliyetangulia kuitazama, iwe kwenye matatu au kwa kinyozi.

Je, maoni ya msimulizi huyo yana uzito gani? Mhakiki huchunguza ploti, uhusika na upigaji picha. Mtazamaji wa kawaida, aghalabu, huipima filamu kwa maisha yake mwenyewe. Mwas anapowasili Nairobi na kuporwa kila kitu siku hiyo hiyo, kisha kuishia seli, aliyewahi kuibiwa jijini hatazungumzia kamera. Atasema kama kisa kile kinaaminika au la, na hapo ushahidi wake hushinda wa mhakiki.

Lugha nayo huzua mjadala. Wahusika huchanganya Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Kijana wa mtaani huuona huo kuwa uhalisia. Mzazi aliyeketi na watoto wake sebuleni husikia matusi. Wote wawili wana haki, mradi kila mmoja ataje tukio lililomgusa. Anayesema tu kwamba filamu 'ni mbovu' hamsaidii anayetaka kujua iwapo atumie pesa zake.

Wapo pia wanaofichua mwisho. Mwas hakuwa na tabia hiyo. Angesimulia yote, nani angenunua?