Kwa nini taarifa zako zipo kwenye kompyuta ya majaribio?

Na Mwandishi Wetu, London

Itakumbukwa kwamba Oktoba 2007 mtumishi wa ngazi ya chini katika Idara ya Mapato na Forodha ya Uingereza alituma CD mbili kwa njia ya posta kwenda Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, London. Hazikufika. Zilikuwa na majina, anwani na tarehe za kuzaliwa za watu milioni 25 wa familia zinazopokea posho ya watoto, pamoja na namba za akaunti za benki. Zililindwa kwa neno la siri tu. Habari ilipotangazwa bungeni Novemba 20, mwenyekiti wa idara, Paul Gray, alijiuzulu.

Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba wakaguzi hawakuyataka yote hayo. Walihitaji kuchagua sampuli, na walikuwa wameomba taarifa za benki ziondolewe. Wakajibiwa kuwa kuchuja kungeongeza gharama.

Mabishano hayo hayo yapo katika kila ofisi inayotengeneza programu za kompyuta. Mfumo mpya lazima ujaribiwe, na majaribio yanahitaji data. Rahisi kuliko yote ni kunakili daftari halisi la wateja. Lakini kompyuta ya majaribio hailindwi kama ile kuu, na wanaoigusa ni wengi, wakiwemo vibarua wa miezi mitatu.

Wengine hunakili kisha hufuta majina. Hilo nalo halitoshi. Mwaka 1997 huko Massachusetts, Marekani, Latanya Sweeney alichukua kumbukumbu za hospitali zisizo na majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura, akazipata za Gavana William Weld. Alitumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, basi.

Inabaki kubuni watu wasiokuwepo. Mimi nakubaliana na njia hii, ila wabunifu wa huku wakiachwa peke yao, wote watakuwa akina John Smith. Yuko wapi Ng'ang'a, ambaye ritifaa ya jina lake hukata amri ya hifadhidata iliyoandikwa ovyo? Yuko wapi mzee wa Pemba mwenye jina lake, la baba na la babu, asiye na jina la ukoo? Na mama ambaye vyeti vyake vina mwaka tu wa kuzaliwa? Mfumo hufaulu majaribio yote, kisha unakwama dirishani siku mmoja wetu anapofika. Watengenezaji wawaulize makarani wa dirishani ni wateja gani huishinda mashine, ndipo wabuni watu wa namna hiyo.

Ni kweli kuna siku daftari halisi halikwepeki, kama wakati wa kuhamisha kumbukumbu kwenda mfumo mpya. Hapo kazi ifanywe na wachache, ndani ya ulinzi ule ule wa kompyuta kuu, na nakala ifutwe.

Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zinataka taarifa zitumike kwa shughuli zilizokusanyiwa. Waliohama nyumbani kwa kumkimbia mume mkatili, au serikali, hawahitaji kuelezwa maana ya anwani yao kuzagaa kwenye kompyuta ya kibarua.