JE, MTUNZI WA HADITHI AFUATE SARUFI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kila mara hadithi zinapoanza kuletwa kwa ajili ya jarida hili, ubishi huwa ni ule ule. Wengine husema kosa ni kosa, liwe katika insha au katika hadithi, na dawa yake ni wino mwekundu. Wengine nao hujibu, "Ah, wachana na sarufi, mimi ni msanii!" Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeteleza. Kosa la sarufi laweza kukaa katika hadithi iwapo lina mwenyewe. Likikosa mwenyewe, basi ni la mtunzi, na wino mwekundu ni haki yake.

Mwenyewe wa kwanza ni mhusika. Tuchukue mfano wa mzee mlinzi wa duka, mtu wa bara ambaye hakupata kuketi darasani hata siku moja. Usiku mmoja anauliza, "Nani amechukua kiti yangu?" Ngeli ya KI-VI yadai aseme "kiti changu". Lakini mtunzi akimsahihisha, huyo mzee atatoweka na badala yake tutapewa mwalimu aliyevaa koti la mlinzi. Nani atamwamini?

Sisi wa shule ya kutwa twalijua jambo hili vizuri. Mchana kutwa twasikia Kiswahili cha darasani. Jioni twarudi kwenye Kiswahili cha matatu, cha sokoni na cha nyumbani. Watu wanaokisema hicho cha pili hununua, hukopesha, hugombana na kupatana kwacho. Hao ndio wazazi na majirani zetu. Je, wafungiwe mlango wa hadithi ati kwa sababu hawajui ngeli? La hasha!

Ila tahadhari. Baadhi yetu huwapa lugha mbovu maskini peke yao, ili msomaji acheke, na mdosi akazungumza Kiswahili sanifu kama kitabu. Mbona twasikia wakubwa wakivuruga ngeli mikutanoni? Kumvunjia mtu sarufi ili achekwe tu ni kumdharau. Anayetaka kuandika usemi wa mtu fulani lazima kwanza amsikilize kwa makini. Wengi wanamkumbuka Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi, KBC. Mwigizaji wake, marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Lafudhi si sarufi, ni kweli, ila funzo ni lile lile. Kile Kiswahili kilikuwa cha mhusika, na mwigizaji alijua anachofanya.

Mwenyewe wa pili ni msimulizi. Huyu akiwa nje ya hadithi, hana sababu ya kukosea, kwa hivyo na afuate sarufi. Akiwa ndani ya hadithi, na aseme kwa kinywa chake. Katika riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora (1996), anayesimulia ni Msanifu Kombo, kijana anayekienzi Kiswahili hata akaitwa Kongowea Mswahili. Kiswahili chake safi kinamfaa, tena jina lake lenyewe linatoboa siri. Lakini chokoraa akisimulia maisha yake mwenyewe kwa ufasaha kama huo, sharti mtunzi atueleze aliupata wapi.

Kuna wanaojitetea kwa kusema, "Mbona washairi huvunja sarufi?" Naam, lakini uvunjaji wao nao una mwenyewe, ambaye ni mizani. "Aliyekuja" ina mizani tano, na "alokuja" ina nne. Mshairi aliyebakisha nafasi ya mizani nne atachagua la pili. Na si kila umbo geni ni kosa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka wa 1840, na lahaja ya kwao ni Kimvita, ambapo "njia" ni "ndia". Kamati iliyosanifisha Kiswahili, kwa msingi wa Kiunguja, iliundwa mwaka wa 1930, yaani miaka 90 baadaye. Muyaka angevunjaje kanuni ambayo haikuwa imetungwa? Kwa hiyo tusikimbilie kuita lahaja ya mtu makosa.

Fauka ya hayo, mtunzi aweza hata kuunda neno. Katama Mkangi aliita riwaya yake Walenisi (1995). Usilitafute neno hilo katika kamusi. Ni "wale ni sisi", maneno matatu yaliyounganishwa. Kanuni ya kutenganisha maneno imevunjwa, lakini msomaji anapewa kitu badala yake: anaambiwa kwamba wale anaosoma habari zao ni yeye mwenyewe.

Sasa, ndugu mtunzi mwenzangu, kabla ya kuleta hadithi yako, isome kwa sauti. Kila ukikuta kosa, uliza, "Hili ni la nani?" Likiwa la mhusika, litie ndani ya alama za mtajo uliache. Likiwa halina mwenyewe, lirekebishe hapo hapo. Katika mtihani kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu mtahini hakujui wala hawezi kukuita akuulize ulikusudia nini. Huko, sanifu ndiyo salama.

Nanyi walimu wetu, kwa heshima na taadhima, mkikutana na mlinzi anayesema "kiti yangu", tafadhali mtazameni mlinzi kwanza kabla ya kuitafuta kalamu nyekundu. Huenda aliyeandika anajua ngeli zote, na pia anamjua mzee huyo.