Nani Alichora Picha za Injili za Abba Garima?

Katika monasteri ya Abba Garima, karibu na mji wa Adwa huko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, kumehifadhiwa miswada ya Injili Nne iliyoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mbuzi, kwa Kigeez, lugha ya kale ambayo Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia huitumia hadi leo katika ibada. Mapokeo ya watawa husimulia kwamba Abba Garima, mmoja wa Watakatifu Tisa waliofika katika ufalme wa Aksum kutoka ng'ambo, aliinakili kwa siku moja, kwa kuwa Mungu alilizuia jua lisitue kabla hajamaliza. Wanahistoria hawagombani sana kuhusu jua; kinachowagawa ni picha.

Ili kuuelewa ubishi huo ni vema kujua kwanza picha hizo zina kazi gani. Muumini wa Ngara au Biharamulo anayetajiwa sura na mstari kanisani anatumia mgawanyo uliokuja baadaye mno, kwani sura zilianza kutumika katika karne ya 13 na mistari katika karne ya 16. Kabla ya hapo, askofu Eusebio wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliipa kila sehemu ya Injili namba yake, kisha akapanga majedwali kumi yanayoonyesha ni sehemu ipi ya Mathayo inayolingana na ipi ya Marko, Luka au Yohana. Katika miswada ya Garima safu za namba hizo zimewekwa chini ya matao yaliyobebwa na nguzo zenye rangi za kuigiza marumaru, huku ndege wakiwa wametua juu ya matao. Wainjilisti nao wamechorwa: wengine wamesimama wakimtazama msomaji uso kwa uso, ila Marko ameketi kitini na kuonekana kwa ubavu.

Matao ya namna hiyo yanajulikana pia katika Injili za Rabbula, zilizokamilishwa Syria mwaka 586 na ambazo sasa ziko Florence, Italia. Kwa sababu hiyo wako waliodhani kwamba kurasa zenye picha zilichorwa Syria au Misri zikasafirishwa, au kwamba zilinakiliwa Ethiopia kutoka kielelezo cha kigeni karne nyingi baadaye. Jules Leroy, Mfaransa aliyezichunguza katikati ya karne ya 20, alizikadiria kuwa za karne ya 11 hivi. Ni vigumu kutoona kwamba makadirio ya aina hiyo yalikwenda sambamba na dhana kuwa Aksum haikuwa na wachoraji wa kiwango hicho zama za mwanzo za Ukristo wake. Vipande vidogo vya ngozi vilipopimwa Oxford kwa kaboni, kipimo kinachokadiria umri wa kitu kilichowahi kuwa na uhai, majibu yaliangukia kati ya miaka ya 330 na 660, yaani zama za Aksum yenyewe.

Kipimo hicho, hata hivyo, huonyesha mnyama alikufa lini, si mkono uliochora ulitoka wapi. Judith McKenzie na Francis Watson, katika kitabu chao cha mwaka 2016, walitetea kwamba picha zilichorwa Ethiopia, na hoja yao ina uzito zaidi kuliko ufanano wa mtindo peke yake, kwa kuwa mtindo husafiri kirahisi. Aksum ilikuwa na bandari ya Adulis kwenye Bahari ya Shamu, mfalme wake Ezana aliupokea Ukristo katika karne ya 4, na maaskofu wake walitumwa kutoka Aleksandria, kanisa linalomhesabu Marko kuwa mwanzilishi wake. Fundi wa Aksum hakuhitaji kuvuka bahari ili ajue tao la Kibizanti linavyoonekana, na pengine hata kiti cha Marko kinakumbusha kiti cha patriaki wa Aleksandria.

Ukurasa unaostahili kubishaniwa zaidi ni ule wa jengo lenye ngazi, ambalo baadhi ya wataalamu hulisoma kama Hekalu la Sulemani, kwa sababu umbo lake halirudii tu ruwaza ya matao yaliyozoeleka kwingineko, na hivyo nadharia ya kunakili kutoka Syria hailielezi kwa urahisi.