SARATANI YA MATITI KWA MZAZI: NAMNA YA KUJUA IWAPO MARADHI YAMESAMBAA

Maelezo kwa watumishi na wananchi

Saratani ya matiti ni ya pili miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania, ikitanguliwa na saratani ya shingo ya kizazi. Tathmini ya huduma za afya ya matiti iliyofanywa nchini mwaka 2017 ilionesha kuwa wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 hugunduliwa wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa sababu hiyo, mtoto anayeambiwa kwamba mama yake ana maradhi haya huwa na suala moja linalotangulia masuala yote: je, maradhi yamebaki pale yalipoanzia, au yamekwisha kusambaa? Maelezo haya yanakusudia kufahamisha namna suala hilo linavyojibiwa, na wajibu wa mwana katika kulipatia jawabu mapema.

Mfano uliochukuliwa ni wa Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ina watumishi waliotoka kila upande, na wengi wao wana wazee wanaowaangalia, ama hapo mjini ama mbali. Aidha, sehemu hiyo ina jambo lake maalumu linalohusu mifupa, ambalo litaelezwa hapa chini.

1. Nini maana ya kusambaa

Ni vyema ikaeleweka kwamba neno "kusambaa" hutumika kwa mambo mawili yasiyolingana uzito. La kwanza ni maradhi kufika katika tezi za kwapani, upande ule ule wa titi lenye uvimbe. Hali hiyo huifanya tiba iwe kubwa zaidi, lakini haimaanishi kuwa matumaini ya kupona yamekatika. La pili ni maradhi kufika katika viungo vya mbali, na aghlabu viungo hivyo ni mifupa, mapafu, ini na ubongo. Hii ndiyo inayoitwa hatua ya nne.

Hivyo basi, mzazi aliyeambiwa kuwa yuko katika hatua ya tatu hajaambiwa kwamba maradhi yamefika mbali. Uvimbe wake ni mkubwa, au umegusa ngozi, au tezi kadhaa zimeingiwa. Na madaktari bado humtibu kwa nia ya kumponya. Watoto wengi husikia neno "tatu" wakadhani ni hukumu. Aidha, saratani ya titi iliyofika katika mfupa si saratani ya mfupa. Ni saratani ya titi iliyohamia, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi.

2. Dalili zinazohitaji kuchunguzwa

Mwana anayeishi na mzee wake ndiye wa mwanzo kuona mabadiliko. Dalili zifuatazo zisipuuzwe:

(a) Maumivu ya mgongo, nyonga au mbavu yasiyotulia kwa mapumziko, yanayozidi siku hadi siku na kumwamsha mgonjwa usiku.

(b) Kikohozi kisichokoma, au kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo.

(c) Kupungua uzito bila ya sababu, kukosa hamu ya chakula, macho kuwa ya manjano, au maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu.

(d) Maumivu mapya ya kichwa yasiyokwisha, kutapika asubuhi, kifafa, au kubadilika kwa mwendo na usemi.

Iwapo miguu inakuwa dhaifu au kufa ganzi, au mgonjwa anashindwa kuzuia haja, jambo hilo ni la dharura. Huenda uti wa mgongo umebanwa, na kuchelewa kwa siku chache kunaweza kumfanya mgonjwa asitembee tena. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pamoja na hayo, isisahauliwe kwamba dalili peke yake si ushahidi. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinaweza kuwa kifua kikuu, na mgonjwa apimwe maradhi hayo. Mama anayelima na kubeba mikungu ya ndizi anaweza kuumwa mgongo kama alivyoumwa kabla ya kuugua. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa kawaida hayana uzito sawa na yale yanayokaa na kukua.

3. Maji ya Mlima Meru na maumivu ya mifupa

Mlima Meru ni volkano, na chemchemi na visima vingi vinavyouzunguka vina madini ya floridi kwa kiwango kikubwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na sehemu nyingi za huko zimezidi kikomo hicho. Meno ya rangi ya kahawia yanayoonekana kwa wakaazi wengi ni alama ya maji hayo. Kituo cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, kimekuwa kikifanya utafiti wa kuyapunguza madini hayo kwa kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa.

Mtu aliyekunywa maji ya namna hiyo kwa miaka mingi huweza kupata maradhi ya mifupa: mgongo kukakamaa, viungo kuuma, na mifupa kuonekana myeupe na mizito katika picha ya eksirei. Baadhi ya saratani zilizofika mfupani nazo huonekana nyeupe katika picha. Kwa hiyo, mama aliyezaliwa na kukulia katika miteremko ya Meru, akipigwa picha bila ya daktari kuelezwa historia yake, anaweza kutiliwa shaka isiyokuwepo. Kinyume chake pia ni cha hatari, nacho ni jamaa kusema "ni maji tu" na kuyaacha maumivu mapya yakue.

Inasisitizwa kuwa daktari aambiwe mambo matatu: mahali mzee alipoishi na maji aliyokunywa, maumivu yalianza lini, na yamebadilika vipi. Picha za zamani, kama zipo, zichukuliwe ili zilinganishwe na mpya.

4. Vipimo

Kwanza huchukuliwa kinyama cha uvimbe na kupimwa maabara. Kipimo hicho huthibitisha saratani, na pia huonesha kama inachochewa na homoni au inahusika na protini iitwayo HER2. Majibu haya ndiyo yanayoongoza uchaguzi wa dawa, hivyo karatasi yake ihifadhiwe kama hati ya nyumba.

Mgonjwa wa hatua ya mwanzo asiye na dalili yoyote anaweza asiandikiwe picha za mwili mzima. Huo si uzembe. Uwezekano wa kukuta kitu huwa mdogo, na picha zisizohitajika huzaa shaka za bure na gharama. Mgonjwa wa hatua ya tatu, au mwenye dalili, huchunguzwa kifua, ini na mifupa kwa eksirei, altrasaundi, picha za CT au kipimo maalumu cha mifupa, kwa kadiri ya vifaa vilivyopo. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi kusema ndiyo au siyo. Pale inapowezekana, kinyama huchukuliwa pia katika sehemu mpya inayotiliwa shaka.

Ikumbukwe vile vile kwamba saratani inayochochewa na homoni inaweza kurejea baada ya miaka kumi au zaidi. Mzee aliyepewa vidonge kama tamoksifeni avimeze kwa muda wote alioambiwa, hata akijiona mzima.

5. Pa kwenda

Kwa wakaazi wa Arusha, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru ni mahali pa kuanzia. Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na iliyo umbali wa kilomita zipatazo 80, ni ya rufaa kwa Kanda ya Kaskazini, na kituo chake cha saratani kilianza kazi mwaka 2016. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ndiyo taasisi ya taifa ya maradhi haya, na wagonjwa kutoka Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, nao wamekuwa wakipelekwa huko.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliozinduliwa mwaka 2021 unataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Mwana na ahesabu siku hizo, na aulize pale zinapopita.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, katika Mkoa huo huo wa Arusha, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wengi wao walisukumwa na hofu ya maradhi sugu. Mgonjwa anayetumia dawa ya miti amwambie daktari wake bila ya kuona haya, na wala asiache tiba ya hospitali kwa ajili yake.

6. Iwapo yamesambaa

Maradhi yaliyofika mbali kwa kawaida hayaponi kabisa, lakini hutibika. Dawa za homoni, tibakemikali na mionzi huweza kuyazuia, na wapo wanaoishi miaka kadhaa. Mionzi hutuliza maumivu ya mfupa, na mofini inayotolewa kwa utaratibu wa daktari ni tiba, si dalili ya kukata tamaa. Hospitali ya Selian, Ngaramtoni, imejulikana kwa tiba shufaa inayowafikia wagonjwa majumbani.

7. Mzee asifichwe

Baadhi ya watoto humwomba daktari asimwambie mama. Wanafanya hivyo kwa mapenzi, lakini mama huona safari za hospitali na nyuso za wanawe, naye hubaki na hofu yake peke yake. Aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, na jawabu lake liheshimiwe.

Kwa muhtasari, kila mwana anaombwa kwenda na mzee wake kwa daktari akiwa na masuala haya yameandikwa: Maradhi yako hatua ya ngapi? Tezi za kwapani zimeingiwa? Majibu ya kinyama yamesema nini? Kipo kipimo kilichobaki, na kwa sababu gani? Dalili gani ikitokea turudi mara moja?

Hofu ya mwana ni haki yake, ila haiwezi kumjulisha maradhi yamefika wapi. Linaloweza kumjulisha ni uchunguzi uliofanywa kwa wakati.